Dawa ya deni ni kulipa, lakini umlipe nani? Kisa cha samansi iliyomfika shangazi Houston

Alhamisi ya tarehe 22 Februari 2024, saa kumi na moja jioni, konstebo alibisha hodi kwa shangazi yangu, katika nyumba za kupanga kusini-magharibi mwa Houston, Texas. Alimuuliza jina, akamkabidhi bahasha, akaenda zake. Shangazi alikuwa anajiandaa kwa zamu ya usiku kwenye makao ya wazee anakofanya kazi. Alifungua, akaona jina lake limeandikwa chini ya jina la kampuni asiyoijua, akaona dola 2,860, akaikunja karatasi na kuificha kabatini nyuma ya kopo la sukari.

Mimi nilijua Jumapili ya tarehe 3 Machi, nilipokwenda kumwamkia. Chakula hakikumpita kooni. Nilimwuliza mara tatu ndipo akainuka kwenda kabatini. "Mwanangu, nimeshtakiwa," alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Siku 10 zilikuwa zimeshapita. Kwa sheria ya Texas zilikuwa zimebaki 4 za kujibu.

Naandika kisa hiki kwa idhini yake, majina nimeyaacha. Mimi si wakili. Ni mpwa aliyekaa na karatasi hizo usiku kucha, akauliza waliosoma sheria, akajifunza kitu ambacho watu wetu wengi huku hukijua baada ya akaunti zao za benki kufungwa.

Deni lilikotoka

Shangazi hakuwa akidanganywa kwamba aliwahi kukopa. Mwaka 2015 alichukua kadi ya mkopo ya benki moja kubwa. Aliitumia kununua tiketi ya kwenda Tanga kumzika babu, matairi ya gari, na kitanda cha mwanawe. Alilipa kila mwezi mpaka Machi 2019, zamu zake zilipopunguzwa akashindwa. Huku Marekani, kadi ikikaa siku 180 bila kulipwa, benki huliandika deni kwenye vitabu vyake kama hasara. Lake liliandikwa hivyo tarehe 30 Septemba 2019. Wengi husikia habari hiyo wakadhani wamesamehewa. Hawajasamehewa, kwa kuwa baada ya hapo deni huwa bidhaa na huuzwa.

Lake liliuzwa mwaka 2020, likauzwa tena 2021. Aliyemshtaki alikuwa mnunuzi wa pili. Biashara hii ni kubwa mno: Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani (FTC) iliichunguza na kutoa ripoti mwaka 2013, ikakuta kwamba wanunuzi wakubwa hulipa wastani wa senti 4 kwa kila dola ya deni, na kwamba mara nyingi hununua orodha ya majina na viwango bila mikataba wala taarifa za akaunti. Kwa wastani huo, zile dola 2,860 zingenunuliwa kwa dola 114 hivi. Nilipomweleza shangazi hesabu hiyo alinyamaza kitambo kirefu, kisha akaniomba niirudie.

Halafu kuna dola 50. Novemba 2023 alipigiwa simu na mwanamke mwenye sauti ya upole, akaambiwa atoe chochote "kuonyesha nia njema". Akatoa dola 50 kwa kadi ya benki, hapohapo kwenye simu. Kesi ilifunguliwa Jumatatu ya tarehe 5 Februari 2024, na katika hati ya madai mstari wa malipo ya mwisho haukusema Machi 2019. Ulisema Novemba 2023.

Nikiulizwa kisa hiki kinahusu nini hasa, ningeuonyesha mstari huo.

Methali iliyotaka kumponza

Dawa ya deni ni kulipa. Nimekua nikiisikia methali hii mtaani Chumbageni, Tanga, na shangazi ndiye aliyenifundisha maana yake aliponituma nirudishe shilingi kwa muuza mkaa wakati mvua inanyesha. Kwake, kujibu kesi kulikuwa sawa na kumkana aliyemkopesha mbele ya watu. "Nimekula fedha za watu, nikaseme nini mahakamani? Mtu akifa na deni linamning'inia." Alitaka kupiga simu kwenye namba iliyo juu ya barua, akubali kila kitu, aombe kulipa dola 100 kwa mwezi.

Jumatatu asubuhi tulipiga, simu ikiwa kwenye spika. Kijana aliyepokea alifurahi sana. Alisema akianza na dola 100 leo, "hakuna haja ya kuhangaika na mahakama". Nikamwuliza: mtaiondoa kesi leo, kwa maandishi? Akasema hilo si la idara yake, lipo kwa mawakili. Nikamwuliza tena: basi tarehe ya kujibu ikipita mkiwa hamjaiondoa, itakuwaje? Akarudia kuhusu dola 100.

Hapo ndipo watu wetu wengi wanapoangukia. Wanaongea na kampuni, wanafikiana kwa mdomo, wanaanza kulipa, na mahakama haina habari. Siku ya 15 jalada liko tupu upande wa mdaiwa, mdai anaomba hukumu ya upande mmoja, anaipata. Shirika la utafiti la Pew lilichapisha uchunguzi wake mwaka 2020: katika majimbo yaliyokuwa na takwimu, zaidi ya asilimia 70 ya kesi za madeni ziliisha kwa hukumu ya namna hiyo au kwa ushindi mwingine wa moja kwa moja wa mdai, na wadaiwa wenye wakili hawakufika asilimia 10. Nasema bila kusita kwamba biashara hii imejengwa juu ya ukimya wetu.

Lipo pia kosa la pili, linalofanana na hilo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1977 kuhusu ukusanyaji wa madeni inampa mdaiwa siku 30, tangu apate taarifa ya kwanza ya mkusanyaji, kulipinga deni kwa barua na kudai uthibitisho. Haki hiyo ni nzuri, itumieni. Lakini barua hiyo inakwenda kwa mkusanyaji. Haisimamishi saa ya mahakama hata kwa dakika moja.

Na ile hofu iliyomfanya afiche bahasha? Aliogopa jela, akaogopa na makaratasi yake ya ukaazi. Katiba ya Texas inasema wazi kwamba hakuna mtu atakayefungwa kwa sababu ya deni. Hii ni kesi ya madai, si ya jinai. Nilipomwambia hivyo ndipo alipokula.

Kujibu bila kusema uongo

Kesi ilikuwa katika mahakama ya mlinzi wa amani, ile ambayo bahasha yake huandikwa Justice Court. Kaunti ya Harris ina mahakama 16 za aina hiyo, na jambo la kwanza ni kuhakikisha unapeleka majibu kwenye ile iliyoandikwa kwenye samansi yako, si ile iliyo karibu na kwako. Tangu Septemba 2020 mahakama hizi husikiliza madai yasiyozidi dola 20,000. Mdaiwa ana siku 14 za kujibu, kuanzia siku inayofuata kukabidhiwa. Kwa shangazi siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi ya tarehe 7 Machi. Kupeleka majibu hakulipiwi chochote.

Rasimu yangu ya kwanza nusura imharibie. Niliandika kurasa mbili kwa Kiingereza kizuri: kwamba shangazi ni mtu mwaminifu, kwamba alipunguziwa zamu mwaka 2019, kwamba hakukusudia kuacha kulipa, anaomba huruma ya mahakama. Wakili wa kujitolea niliyemtumia aliisoma akanipigia. Akasema: "Umemkubalia mdai kila kitu isipokuwa hesabu ya riba." Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeandika barua ya kuomba radhi, wala si majibu. Hakimu hana mamlaka ya kukuhurumia ukishakiri; ana mamlaka ya kupima kama mdai amethibitisha dai lake.

Majibu yaliyokwenda yalikuwa nusu ukurasa. Namba ya kesi, majina, anwani yake ya sasa, na sentensi kwamba mdaiwa anakana madai yote ya mdai na anataka yathibitishwe. Kanuni za mahakama hizi zinasema kukana kwa jumla namna hiyo kunatosha, na hakumzuii mdaiwa kuleta utetezi wowote siku ya kusikilizwa. Hata hivyo tuliongeza mistari miwili, kwa kuwa ni heri kusema mapema: kwamba dai limepitwa na ukomo wa muda, yaani miaka ambayo sheria inaruhusu kushtaki imekwisha, na kwamba mdai aonyeshe jinsi alivyolipata deni kutoka kwa benki. Fomu za bure za majibu haya zipo kwenye tovuti ya TexasLawHelp, na kwa wakazi wa Houston wenye kipato kidogo Lone Star Legal Aid hutoa msaada wa kisheria bila malipo.

Shangazi alikataa kutia saini.

"Nakana nini, mwanangu? Kadi niliitumia."

Tulikaa na swali hilo Jumanne nzima, na naona lilistahili. Mwisho nilimwuliza hivi: shangazi, kama muuza mkaa wa Chumbageni angekufa, akaja mtu usiyemjua akasema nipe mimi ile fedha, na tena nipe mara tatu yake, ungempa? Akasema angemwambia alete ushahidi kwamba yeye ndiye mrithi. Nikamwambia hicho ndicho kilichoandikwa hapa. Karatasi hii haisemi hukukopa. Inasema yule anayedai alete mkataba, alete hesabu, aonyeshe mnyororo wa mauzo kuanzia benki mpaka kwake. Sheria ndiyo iliyomtwika mzigo huo, si wewe.

Akatia saini Jumatano. Tuliipeleka wenyewe kwa karani, tukagongewa muhuri kwenye nakala yetu, na nakala nyingine tukaituma kwa wakili wa mdai kwa posta ya kusajiliwa yenye risiti. Risiti ile bado ipo.

Dola 50 na saa iliyokwisha

Texas inatoa miaka 4 kumshtaki mtu kwa deni la namna hii. Mtu aliyezoea sheria za kwetu, ambako Tanzania na Kenya madai ya mkataba hupewa miaka 6, anaweza kuiona mifupi. Ukihesabu tangu malipo ya Machi 2019, muda uliisha Machi 2023. Ukimpendelea mdai ukahesabu tangu benki ilipoandika hasara, uliisha mwishoni mwa Septemba 2023. Kesi ilifunguliwa Februari 2024. Kwa hesabu yoyote ile walikuwa wamechelewa.

Ndiyo maana ile simu ya Novemba iliniuma kuliko samansi yenyewe. Katika majimbo mengi, malipo madogo huianzisha saa upya. Kenya pia sheria ya ukomo inatambua malipo ya sehemu ya deni kuwa mwanzo mpya. Mtu anayekuomba dola 50 "za nia njema" kwenye deni la zamani huenda anajua hasa anachokitafuta, na si dola 50.

Lakini Texas ilibadilisha sheria yake ya fedha, na tangu tarehe 1 Septemba 2019 mnunuzi wa madeni haruhusiwi kabisa kufungua kesi ya deni lililokwisha muda. Na deni likishapitwa, malipo hayalifufui, wala ahadi ya mdomo, wala ya maandishi. Tena kanuni za shirikisho zilizoanza kutumika tarehe 30 Novemba 2021 zinamkataza mkusanyaji yeyote kushtaki au kutishia kushtaki kwa deni la namna hiyo. Dola 50 za shangazi zililipwa baada ya saa kusimama. Kwa Texas, zilikuwa dola 50 tu.

Hebu fikiria angekuwa jimbo jingine, au angezilipa Februari 2023. Kisa hiki huenda kingekuwa na mwisho mwingine, na ndiyo sababu nawasihi msitoe hata senti kwenye simu kabla ya kujua tarehe ya malipo yenu ya mwisho na sheria ya jimbo mlilopo. Siku za kujibu nazo hutofautiana: Ohio ni 28, California 30. Minnesota, wanakoishi wengi wa watu wetu, ni 21, na huko kesi inaweza kuanza kwa wewe kukabidhiwa tu karatasi kabla hata haijasajiliwa mahakamani. Mtu anaitazama, haoni namba ya kesi, anadhani ni utapeli, anaitupa.

Tulipopata viambatanisho vya mdai tuliona udhaifu mwingine. Kanuni zinataka hati ya madai iseme deni limehamishwa lini na limepitia kwa nani. Kulikuwa na kiapo cha karani wa kampuni, na karatasi moja ya mauzo iliyosema inahusu "akaunti zilizomo kwenye faili lililoambatanishwa". Faili halikuambatanishwa. Jina la shangazi halikuwa popote kwenye karatasi ile ya mauzo.

Kingempata nini angenyamaza

Haya hayangezingatiwa na yeyote. Hakimu hatafuti utetezi wa ukomo kwa niaba ya mtu ambaye hakujibu. Angepewa hukumu ya upande mmoja, na hapo angekuwa na siku 14 tu za kuomba itenguliwe, au 21 za kukata rufaa mahakama ya kaunti. Baada ya hapo hukumu ya Texas huishi miaka 10, na inaweza kuhuishwa.

Watu husema Texas mshahara haukatwi kwa deni la kawaida. Ni kweli, na nyumba ya kuishi pia imelindwa. Ila mshahara ukishaingia benki unakuwa fedha za akaunti, na akaunti inaweza kufungwa kwa amri ya mahakama. Shangazi hulipwa kila baada ya wiki mbili, kodi ya nyumba inatoka kwenye akaunti hiyohiyo, na fedha za ada za wapwa zangu Tanga zinatoka humo pia.

Mei

Mwishoni mwa Machi ilikuja taarifa ya tarehe ya kusikilizwa: Jumanne ya 14 Mei. Tuliomba mambo mawili kwa maandishi. Kwanza mkalimani wa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza cha kazini si Kiingereza cha kuhojiwa na wakili, na ndugu hafai kuwa mkalimani wa kesi ya ndugu yake. Pili, kwamba niruhusiwe kukaa naye na kumsaidia: kanuni zinamruhusu hakimu, kukiwa na sababu nzuri, kukubali mtu wa familia asiyelipwa amsaidie anayejitetea mwenyewe. Nilimtengenezea faili lenye taarifa za benki za 2019, na juu yake ukurasa mmoja wenye tarehe nne tu. Akawa anaisoma kila jioni kama anayehifadhi sura.

Kesi haikufika siku hiyo. Wiki moja kabla, wakili wa mdai aliwasilisha karatasi ya kuondoa shauri. Hakueleza sababu. Shauri liliondolewa bila kuzuia kufunguliwa upya, maneno yaliyomtia shangazi wasiwasi mpaka tulipomweleza kwamba saa iliyokwisha haianzi tena. Wakili yule wa kujitolea alimwambia anaweza naye kuishtaki kampuni ndani ya mwaka mmoja, na kwamba sheria ya shirikisho inaruhusu fidia ya hadi dola 1,000 juu ya hasara yake. Shangazi alishukuru akakataa. Alisema hataki tena kuona bahasha ya mahakama, hata yenye jina lake juu. Mimi ningeshtaki. Lakini kesi ni yake.

Alichofanya badala yake sikukitegemea. Juni, bila kuniambia, aliipigia benki ya mwanzo kuuliza anaweza kulipa kidogokidogo lile deni la kadi, bila ile riba ya kampuni. Walitafuta jina lake. Wakamwambia akaunti iliuzwa mwaka 2020, kwao inasoma sifuri, hawawezi kupokea fedha zake.

Mapema mwaka 2025 ilikuja barua ya kampuni ya tatu, imenunua deni lilelile, inampa punguzo akilipa kwa mkupuo. Aliniita nikamsomee, nami nikamwambia asome mwenyewe. Alipitisha kidole mstari kwa mstari mpaka chini, kwenye maneno yaliyosema kwamba sheria inaweka kikomo cha muda wa mtu kushtakiwa kwa deni, na kwamba kwa sababu ya umri wa deni hili hawatamshtaki. Aliyasoma mara mbili, akauliza, "Na wale wa kwanza, walipaswa kuniandikia haya?"

Nikamjibu ndiyo, shangazi. Akaitoboa barua, akaitia kwenye faili, nyuma ya risiti ya posta.